Maswali na Majibu: Raga ya 13, mechi za usiku wa manane Athens na Wagiriki wa Sydney

Juzi niligusia raga ya 13 huko Ugiriki, mistari miwili tu, meseji zikamiminika mpaka nikaona bora nizijibu kwa mkupuo. Maswali nimeyafupisha, matusi nimeyaacha huko huko.

Wa Nakuru: "Sisi tumekulia kwa Shujaa, timu ya Kenya ya raga ya saba kila upande, na ligi yetu ya Kenya Cup. Hii ya 13 ni gani tena, si raga ni raga?"

Ni ndugu wa tumbo moja waliogombania hela. Kaskazini ya Uingereza wachezaji walikuwa watu wa migodini na viwandani, Jumamosi ni siku ya kazi, ukienda kucheza mshahara unakatwa. Klabu zao zikasema basi tuwafidie ile siku waliyopoteza, wakubwa wa London wakakataa kata kata, mchezo ni wa ridhaa hamna kulipana. Tarehe 29 Agosti 1895 klabu za kaskazini zikakutana George Hotel, Huddersfield, zikajitoa. Mimi nimepita hapo, ukishuka stesheni ya treni jengo unaliona hapo hapo, na nilisimama kama mjinga nikilipiga picha watu wananishangaa.

Baada ya hapo sheria zikaachana kidogo kidogo. Lainauti, ile ya kurusha mpira toka pembeni watu wakaurukia, wakaifuta, wachezaji wakapungua toka 15 hadi 13, na lile rundo la watu kugombania mpira chini likaondoka. Ukiangushwa unaachiwa, unasimama, unaweka mpira chini unausukuma nyuma kwa mguu, mwenzako anauokota safari inaendelea. Mnaruhusiwa kuangushwa mara 6 halafu mpira unaenda upande wa pili, ndo maana baada ya ile ya tano utaona mtu anaupiga teke mbali. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, ni pointi 4 sio 5 kama kwenye raga ya 15. Wewe uliyezoea saba kila upande utaupenda maana watu wanakimbia, hawalali juu ya mpira. Na neno ligi lisikuchanganye, ukisikia "raga ligi" ni jina la mchezo wenyewe, sio ligi kama ligi kuu.

Wa Tanga: "Ulisema Wagiriki walikuwa wanacheza usiku kwa kujificha. Kaka, hapo hukutia chumvi?"

Chumvi hamna hata punje. Shida ilikuwa makaratasi. Serikali ya Ugiriki haikulitambua shirikisho la wale waliokuwa wanaucheza mchezo, kwenye vitabu mamlaka yalikuwa chini ya shirikisho la pentathloni ya kisasa, ule mchezo wa kupiga upanga na kuogelea na kulenga shabaha, sasa niambie raga inahusiana nini na upanga. Kwa hiyo ukitaka kukodi uwanja wa manispaa unaulizwa barua, barua huna, mwenye uwanja akitishiwa anakufungia geti. Ilifika mahali polisi wanaitwa kuzuia mechi.

Wakafanya nini? Wakawa wanatafuta viwanja vya pembeni, mechi inapigwa usiku sana, mahali pa kwenda hapatangazwi, mtu anaambiwa dakika za mwisho. Hebu vuta picha, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, timu ya taifa, na huruhusiwi kumwambia mama yako aje kuangalia. Halafu mchezo wenyewe wa kelele, vifua vinagongana mpaka mtaa wa pili wanasikia, unajifichaje?

Novemba 2019 mechi yao ya nyumbani ikabidi ichezwe London, Scotland wakawafunga 42-24, lakini wakaibomoa Serbia, wakafuzu Kombe la Dunia. Yaani nchi ambayo nyumbani kwao wanacheza kwa kunyata ndo inaenda Kombe la Dunia. Kutambuliwa kisheria kulikuja 2022, mwaka ule ule wa mashindano (yalipangwa 2021 korona ikayasogeza), na walipocheza nyumbani waziwazi watu wengine walikuwa hawajui kama nchi yao ina timu.

Kwenye Kombe lenyewe huko Uingereza walichapwa, sitawaficha. Ufaransa 34-12 pale Doncaster, Samoa 72-4, England 94-4 pale Sheffield. Ile ya Doncaster nilikuwepo, Jumatatu usiku, 17 Oktoba, baridi inaingia mpaka kwenye soksi, nimekamata kikombe cha chai kwa mikono miwili. Walipopata trai yao ya kwanza jukwaa zima likasimama, hata wasio na undugu wowote na Ugiriki, nyuma yangu kuna baba mtu mzima wa Yorkshire hajawahi hata kufika Athens kwa alivyoniambia, analia machozi kabisa. Ukimuuliza analilia nini hakwambii, anakwambia upepo.

Wa Muscat: "Shehe, nimeangalia majina ya kikosi cha Ugiriki, wengi wamezaliwa Sydney. Italia hivyo hivyo. Hii si timu ya kukodi?"

Swali zuri na ndo linalogombanisha watu kila siku. Sheria inasema ukiwa na mzazi au babu au bibi wa nchi fulani unaweza kuichezea. Australia ilipokea Wagiriki, Waitaliano, Wamalta na Walebanoni wengi sana baada ya vita ya pili, wajukuu zao wakakulia Sydney ambako huu mchezo ndo mpira wa mtaani. Sasa wewe uko Muscat, unawajua watu wamezaliwa hapo hapo Oman babu yao katoka Unguja, nyumbani wanaongea Kiswahili na biriani wanaipika kama ya Forodhani. Utasimama mbele yao uwaambie nyie si wa Unguja? Hutathubutu. Basi na yule kijana wa Sydney ambaye bibi yake bado anamfokea kwa Kigiriki, usimwite mamluki haraka.

Lakini upande wa pili nao una hoja, na mimi nimeegemea huko kidogo. Italia 2013 kwenye Kombe la Dunia waliipiga Wales 32-16 Cardiff, nyumbani kwa Wales kabisa, wakatoka sare 30-30 na Scotland. Kwenye kikosi kuna Anthony Minichiello, kuna James Tedesco kijana, wote nyota waliokulia Australia. Raha tupu! Tedesco baadaye akawa nahodha wa Australia na kombe la 2022 akalinyanyua yeye. Italia ilibaki na nini? Sifa ya mwezi mmoja. Mtoto wa Padova Jumatatu asubuhi alienda shule akacheza mpira wa miguu kama kawaida.

Wachezaji wa asili ya nje mimi nawaona kama mkopo. Mkopo sio dhambi, duka ngapi zimeanza na mkopo, ila ukiula wote bila kununua bidhaa utafunga duka. Wagiriki hapo nawapa heshima, maana walipeleka Uingereza pia vijana wa klabu za nyumbani, wale wale wa usiku wa manane, na huko nyuma klabu zipo, Attica Rhinos, Rhodes Knights na wengine. Hicho ndo kipimo changu kwa nchi yoyote ndogo, Jumamosi ya kawaida isiyo na kamera kuna mechi au hamna?

(Nisionewe kwamba nadharau wajukuu. Scotland 2016 walitoka sare 18-18 na New Zealand pale Workington, kikosi kimejaa watu wa mababu, nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.)

Wa Dodoma: "Ufaransa nchi kubwa, raga wanaijua. Kwenye huu wa 13 mbona unawaweka na wadogo?"

Mzee, hapo umegusa kidonda. Mchezo uliingia Ufaransa 1934, aliyeuingiza ni Jean Galia, ukawaka kama moto wa nyasi, klabu za union, ile raga ya 15, zilikuwa zinahama moja moja. Kisha vita, Wajerumani wakaingia, serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani, ikapiga marufuku raga ya 13 mwaka 1941 kwa amri rasmi, mali za shirikisho zikachukuliwa, viwanja, pesa, kila kitu. Wapinzani wao wa union hawakulia sana. Na vita ilipoisha mali haikurudi! Wakaruhusiwa kucheza ila jina raga wakanyimwa, miaka na miaka iliitwa "mchezo wa watu 13" tu.

Pamoja na hayo yote 1951 walienda Australia wakashinda mechi 2 kati ya 3, na beki wao wa nyuma Puig-Aubert ambaye watu walimpachika jina Pipette kwa sababu ya sigara zake. Na 1954 Ufaransa ikaandaa Kombe la Dunia la kwanza kabisa la raga ya aina yoyote, union walisubiri mpaka 1987. Fainali Paris, Waingereza wakashinda 16-12.

Kwa hiyo Ufaransa sio mdogo, ni mkubwa aliyeporwa. Leo mchezo umebaki kusini, Perpignan, Toulouse, Carcassonne huko. Catalans Dragons wa Perpignan wako kwenye ligi kuu ya Waingereza tangu 2006, 2018 wakachukua Challenge Cup, kombe la mtoano la Waingereza, pale Wembley wakiifunga Warrington 20-14, timu ya kwanza kutoka nje ya England kulibeba. Mwaka uliofuata wakahamishia mechi Camp Nou, Barcelona, watu 31,555. Sehemu nyingine zote za Ulaya ninazozitaja hapa zinaota kupata hata robo ya hiyo.

Wa Bujumbura: "Red Star Belgrade wana timu ya raga hii? Ni wale wale wa mpira?"

Jina na nembo wale wale, maana Crvena Zvezda ni chama cha michezo mingi, sio mpira tu. Mwaka 2019 wakawa klabu ya kwanza ya Serbia kuingia Challenge Cup ya Waingereza. Mchezo wenyewe uliletwa Yugoslavia na Wafaransa 1953, ukafa miaka ya 60 watu wakahamia union, ukafufuka 2001. Wapinzani wao wakubwa mjini ni Dorćol na Partizan. Kwangu Serbia ndo mfano bora, wachezaji wengi ni wa hapo hapo.

Dada wa Mombasa: "Mdogo wangu anatumia kiti cha magurudumu na anapenda fujo. Nimesikia huu mchezo upo wa viti, kweli?"

Upo dada, na usimwonyeshe usiku maana hatalala. Wanacheza ndani ya ukumbi, 5 kila upande, pasi ya nyuma tu kama kawaida. Begani kila mchezaji amebandikiwa kitambaa kwa ile ya kunatisha kama viatu vya watoto, ukikinyofoa umemwangusha. Hiyo sauti ya *krrr* ya kitambaa kung'oka halafu chuma kugonga chuma, we acha. Na mkwaju baada ya trai wanapiga kwa ngumi! Mpira unawekwa kwenye kishikio, unautwanga ngumi upite juu ya mti wa goli.

Wanaume na wanawake wanacheza pamoja, na hata wasio na ulemavu wanaruhusiwa kwa idadi maalum. Ulianzia Ufaransa. Fainali ya Dunia 2022 Manchester England iliifunga Ufaransa 28-24, ukumbi una watu zaidi ya 4,500. Na huku ndiko mataifa madogo yanapata pumzi, Wales, Ireland, Scotland, Hispania wote walikuwepo, kwa sababu huhitaji kumwomba mtu uwanja wa nyasi wala kugombana na shirikisho la union, unahitaji ukumbi na viti. Viti vyenyewe ndo bei, hapo sikudanganyi.

Wa Arusha: "Kombe la 2026 madogo ya Ulaya yapo mangapi?"

Sifuri. 2022 timu zilikuwa 16, za Ulaya 7. La 2025 walipewa Ufaransa, wakajitoa 2023 kwa sababu ya pesa, likahamishiwa Australia 2026 na timu zikapunguzwa kuwa 10. Kutoka Ulaya ni England na Ufaransa tu. Wales, Ireland, Scotland, Italia, Ugiriki wote nje. Wanasema mechi zitakuwa na ushindani zaidi, sawa, ile 94-4 hakuna anayetaka kuirudia, lakini Mgiriki aliyecheza usiku miaka yote ile unamwambia mlango umefungwa kabla hajazoea mwanga wa mchana. Mimi hilo limeniuma.

Wa Kampala aliyeuliza Afrika, kwa kifupi shirikisho la Ulaya ndo lililokuwa linasimamia na huku kwetu. 2019 Lagos kulikuwa na mashindano, Nigeria, Ghana, Cameroon na Morocco, Nigeria wakashinda nyumbani.

Wa Rotterdam: "Mwanangu wa kiume miaka 15, mwili mkubwa, soka wamemkataa kwa sababu hana mbio. Nimpeleke?"

Mpeleke mama. Uholanzi wana shirikisho na klabu chache, na kwa sababu ni wachache kila anayekuja anapokelewa kwa mikono miwili, hawamwulizi kama ana mbio. Mnunulie kinga ya meno kwanza, njumu zile za soka zinatosha. Siku ya kwanza wanafundisha kuanguka na kumwangusha mtu, kichwa kinakaa pembeni ya mwenzako, shavu kwa kiuno, usiweke mbele. Nasema hivyo kwa sababu mimi siku yangu ya kwanza, nina miaka 31 na kitambi, niliweka mbele, nikaamka nimelazwa pembeni ya uwanja kuna mtu ananiuliza leo ni siku gani. Nikamjibu kwa Kiswahili.