Mgeni kanisani: anza na viti

Kanisa la kwanza nililohamia baada ya kuanza kazi, nilikuwa nakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Baraka ikitolewa, mimi nipo getini. Nilikwenda hivyo miezi minne, kisha nikaanza kumlalamikia rafiki yangu kwamba watu wa kanisa lile wana maringo, hawasalimii mtu. Akaniuliza, "Wakusalimie saa ngapi, na wewe unaondoka kabla hawajafumbua macho?"

Sikuwa na jibu.

Tangu hapo kazi imenihamisha mara kadhaa, na kila mara nimeingia kanisani nikiwa mgeni asiyejulikana na mtu. Kwa hiyo naandika kwa ajili yako uliyeanza kusali mahali papya juzijuzi, uwe umeokoka mwezi uliopita, umehama parokia, au umerudi baada ya miaka ya kukaa mbali. Ukinibana nikupe ushauri mmoja tu, nitakuambia usikimbie baada ya ibada. Kaa dakika 15 nyingine. Ndani ya ibada wote mnatazama mbele, kwa hiyo unaweza kusali na mtu mwaka mzima bila kujua hata jina lake. Watu hujuana pale nje, wakisubiriana, wakiulizana habari za mgonjwa, wakigawana kazi za wiki. Na kuhusu kukaa pembeni kabisa, mkumbuke Eutiko wa kwenye Matendo 20: alikaa dirishani, usingizi ukamchukua, akaanguka toka ghorofa ya tatu. Natania, lakini kidogo tu.

Kanisa la pili nilikosea kwa upande mwingine. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba kujitenga ni kubaya, basi nikajiandikisha kila mahali: kwaya siku mbili kwa wiki, maombi ya alfajiri, kikundi cha vijana, na kwenye mitambo ya sauti, ambako walinikabidhi hadi ufunguo wa stoo. Watu walinisifu sana, na sifa zile zilinivimbisha kichwa. Mwezi wa sita nilikuwa siwezi kusikia mahubiri kwa kuwaza waya gani haujafungwa. Simu ya kiongozi wa kwaya ikiita naigeuza kifudifudi. Kisha nikaacha vyote kwa mpigo, kimyakimya, bila kumuaga mtu.

Kwa hiyo chagua jambo moja. Likae nawe mwaka, ndipo ufikirie la pili. Kiongozi mzuri atakuelewa ukimwambia, "Kwa sasa nipo kwenye jambo hili tu, naomba mniache nilizoee." Asiyekuelewa atakuchosha hata kwa hilo moja.

Uanze na lipi? Mimi nitakuambia viti, na simaanishi viti kwa mfano. Kanisa la tatu nilibaki ndani baada ya ibada kwa sababu ya mvua, nikamwona mzee mmoja anakusanya viti vya plastiki peke yake. Nikaenda kumsaidia. Akanionyesha kwamba vinapangwa kumikumi, ukizidisha mrundo unayumba. Akanionyesha pia kiti chenye ufa mguuni, alichokifunga kitambaa chekundu ili mtu asije akamkalisha mama mzito juu yake. Hakuna aliyewahi kumtuma kufunga kitambaa kile. Tulipomaliza mrundo wa sita nilikuwa nimeshajua kuwa mke wake anaumwa miguu, kwamba yeye ni mzee wa kanisa wa miaka mingi, na kwamba kikundi cha nyumbani cha mtaani kwangu hukutana Jumatano. Alinipeleka yeye mwenyewe, akanitambulisha kama "kijana wangu wa viti".

Kazi ya mikono ina faida hiyo. Watu wawili wasiojuana wakisimama kutazamana, mazungumzo huisha baada ya salamu. Wape kitu cha kubeba, maneno yatakuja yenyewe. Tena usidhani kazi za namna hii ni za daraja la chini. Wale saba wa Matendo 6 walichaguliwa kusimamia mgawo wa kila siku wa wajane, na miongoni mwao walikuwemo Stefano na Filipo. Paulo naye, anapoorodhesha karama kwa Wakorintho, masaidiano ameyaweka kwenye orodha moja na miujiza.

Kama una haya, tafuta mtu mmoja wa kukushika mkono. Sauli, ambaye ndiye Paulo huyohuyo, alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi walimwogopa, hawakuamini kama amebadilika. Barnaba ndiye aliyemchukua akampeleka kwa mitume na kuwaeleza habari zake. Kila kanisa lina Barnaba wake, na mara nyingi si mchungaji wala padri. Ni yule mama anayejua nani hajaonekana wiki mbili. Msogelee huyo, umwambie waziwazi kwamba wewe ni mgeni na ungependa kuzoeana na watu. Sentensi hiyo ni ngumu kuitamka, lakini sijawahi kuona ikimrudisha mtu mikono mitupu.

Halafu ingia kwenye kikundi kidogo. Wengine wanakiita jumuiya, wengine seli, wengine kanisa la nyumbani. Kwangu mimi hapo ndipo kanisa lilipo. Ukikosa ibada kuu, kanisa likiwa na watu mia nne, hakuna atakayejua. Ukikosa kwenye kikundi cha watu tisa, jioni hiyohiyo utapigiwa simu. Nenda mara nne au tano kabla ya kukihukumu. Siku za mwanzo kitakuchosha, maana wana utani wao usioujua na kila mtu ana kiti chake. Na wakisema kila mmoja aombe, si lazima uombe kwa sauti. Sema tu, "Leo nitawasikiliza." Nilikaa mwezi mzima nikisema hivyo, hakuna aliyeniona kafiri.

Kwaya inataka maelezo ya pekee, maana wageni wengi hukimbilia huko. Kwaya ni familia ndani ya familia: ina mweka hazina wake, sheria zake na ugomvi wake wa zamani ambao hutahadithiwa mwanzoni. Usishangae ukihudhuria mazoezi wiki nyingi kabla ya kuruhusiwa kusimama mbele. Mimi niliingia nikijitangaza kuwa ni sauti ya tatu, yaani tenari, ile ya juu ya wanaume. Mwalimu akanipandisha noti chache tu, akacheka kwa upole, akanihamishia kwa mabesi, wenye sauti nzito. Kumbe miaka yote nilikuwa napiga kelele za kitenari bafuni. Baada ya hapo akanisimamisha kando ya besi mmoja mkongwe na kuniambia niimbe kwa sauti ambayo bado naweza kumsikia yule jirani. Nikijisikia mwenyewe kuliko ninavyomsikia yeye, nimezidisha. Omba ruhusa ya kurekodi sauti yako kwenye simu, uisikilize njiani. Na kama huna sauti, kubali mapema. Kwaya ina mahitaji mengine, kuanzia kunakili nyimbo hadi kutunza sare.

Shule ya Jumapili ni nzuri, ila usiudhike wakikuambia usubiri. Kanisa makini halimkabidhi watoto mtu ambaye halijamjua. Watataka wakuone muda, pengine waulize habari zako ulikotoka, na watataka darasani muwe watu wazima wawili siku zote. Kanisa linalokupa watoto Jumapili yako ya pili bila kukuuliza lolote, hilo ndilo la kutiliwa shaka.

Fedha ni vivyo hivyo. Nilikaribishwa kuhesabu sadaka nikiwa nimeshasali miaka miwili mahali pamoja, na nikaelewa kwa nini si kazi ya mgeni. Tulikuwa watatu, hakuna wawili wa familia moja, mlango umefungwa. Noti zinatengwa kwa thamani, zinahesabiwa na mmoja, zinarudiwa na mwingine, kisha sarafu. Kiasi kinaandikwa, wote watatu tunasaini, ndipo mfuko unafungwa. Wakati wa mchango wa kuwasaidia waumini wa Yerusalemu, Paulo hakusafirisha fedha zile peke yake, aliandamana na ndugu wengine ili mtu asimlaumu. Soma 2 Wakorintho 8. Basi hata ukiwa mgeni, mtu akikuomba ukae na fedha za kanisa nyumbani kwako, au akupe mfuko ambao haujahesabiwa, kataa kwa adabu. Kataa hata kama ni kiongozi.

Kutembelea wagonjwa kunamfaa karibu kila mtu. Uliza kwanza kama wako tayari kukupokea, mara za mwanzo nenda na mwenyeji, usikae sana, na hubiri lako liache nyumbani. Nilichojifunza kwa kuchelewa ni kumwangalia anayemuuguza mgonjwa. Siku moja wenzangu walikuwa wanaomba kando ya kitanda, mimi nikamwona binti wa mgonjwa amesinzia wima akiegemea ukuta. Nilijitolea kubaki saa mbili ili yeye akalale. Baadaye hakukumbuka hata neno moja la maombi yetu, ila zile saa mbili anazitaja mpaka leo.

Ukifanya kazi za zamu na Jumapili huipati, bado una nafasi. Kuna matangazo ya kuandika, wazee wa kupelekwa kliniki, wanafunzi wa kufundishwa hesabu, orodha ya maombi unayoweza kubaki nayo chumbani. Kundi la simu la kanisa lisome, lakini usilihesabu kuwa ni ushirika.

Makaratasi pia yana umuhimu wake. Ukihama, omba barua ya utambulisho huko unakotoka. Si urasimu wa leo: katika Agano Jipya, Fibi alitambulishwa kwa Warumi kwa maandishi, na Apolo alipokwenda Akaya ndugu walimwandikia. Kama ni Mkatoliki, jua kwamba kumbukumbu zako ziko kwenye daftari la parokia ulikobatizwa, na ukija kufunga ndoa utahitaji cheti cha ubatizo kutoka hukohuko. Kama hujabatizwa, waulize mapema habari za mafundisho. Kwa watu wazima ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kwa ubatizo, ni safari ya miezi mingi, aghalabu huishia Mkesha wa Pasaka, kwa hiyo mtu anayeulizia wiki mbili kabla amechelewa. Wapo pia wanaobatiza mara tu mtu anapokiri imani, nao wana somo lao baada ya hapo.

Utakwazika. Atakayekukwaza huenda akawa mtu aliyekukaribisha vizuri kuliko wote. Utaratibu wa Mathayo 18 unaanza na kumwendea yeye, mkiwa wawili peke yenu, na mimi nimeona mengi yakiishia hapohapo. Mengi zaidi nimeyaona yakianzia kwa mtu wa tatu, kisha wa nne, mpaka mkosaji akawa wa mwisho kujua kwamba amekosa. Hayo ni ya kukwazana, si ya uhalifu. Mtu akiumizwa au fedha zikiibwa, usizunguke nalo faraghani, lipeleke panapostahili.

Na siku ukitaka kuacha huduma, aga. Toa taarifa mapema, mfundishe atakayekupokea, rudisha daftari, sare, nywila na kila ulichopewa. Lile kanisa la pili nililoliacha kimyakimya, niliondoka na ufunguo wa stoo ya mitambo mfukoni. Jumapili iliyofuata waliendesha ibada bila kipaza sauti, Jumatatu wakavunja kufuli. Nilipata habari hizo baada ya miezi mitatu, kutoka kwa yule kiongozi wa kwaya niliyekuwa namkwepa. Nilinunua kufuli jingine nikampelekea. Alinionyesha la zamani, limekatwa katikati, bado lipo kwenye droo yake.