Ravioli za chenga kwenye kikaangio cha hewa: kaanga chenga kwanza

Ukinunua kikaangio cha hewa ukaambiwa kuanzia leo utakaanga kila kitu bila tone la mafuta, maneno hayo yachukue kwa sikio moja na kuyatoa kwa jingine, hasa ukitaka kupika ravioli za chenga, yaani vifuko vidogo vya pasta vilivyojazwa nyama au jibini na kuvingirishwa kwenye chenga za mkate. Bila mafuta zinatoka zimepauka, chenga zinadondoka ukizishika, na kingo zake zinakuwa ngumu hadi zinakwaruza ufizi. Watu wengi hulaumu mashine. Mashine haina neno. Kazi kubwa ya chakula hiki hufanyika kabla hujaiwasha: chenga za mkate zikaangwe kwanza kwa mafuta kidogo kwenye kikaango cha kawaida, na ravioli yenyewe iingie kwenye moto ikiwa na unyevu wake.

Naishi St. Louis, jimbo la Missouri, na ravioli za kukaanga ni chakula cha mji huu. Upande wa kusini-magharibi mwa jiji kuna mtaa uitwao The Hill, ambako Wataliano walianza kuhamia mwishoni mwa karne ya 19, kwanza watu wa Lombardia, kisha wa Sisilia, wakifuata kazi kwenye machimbo ya udongo na viwanda vya matofali. Mpaka leo ukipita pale utaona bomba za maji ya zimamoto kando ya barabara zimepakwa rangi za bendera ya Italia: kijani, nyeupe na nyekundu. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1940 mpishi mmoja wa mtaa huo alitumbukiza ravioli kwenye mafuta ya moto badala ya maji, wateja wakazipenda, zikaenea. Ni mgahawa upi? Hapo ndipo ubishi ulipo. Wengine hutaja Oldani's, na kusema Mickey Garagiola, kaka wa mchezaji besiboli Joe Garagiola, alikuwepo siku hiyo. Wengine wanashikilia ni Angelo's, palipo na Charlie Gitto's sasa. Ukoo wa Lombardo nao una madai yake. Mimi sina haja ya kuamua, ila napenda kwamba watu wa mji mmoja wamegombania heshima ya chakula kidogo hivi kwa zaidi ya miaka 70.

Zile za mgahawani huwa na nyama ya ng'ombe ndani, huvingirishwa kwenye chenga laini zenye viungo, huzamishwa kwenye mafuta mengi, kisha hunyunyiziwa jibini la Parmesan na kuletwa mezani na bakuli la sosi ya nyanya ya kuchovya. Ganda ni jembamba, linavunjika kwa sauti, na ndani panabaki laini na moto. Hicho ndicho kipimo. Kama yako haivunjiki kwa sauti ukiing'ata, bado.

Sasa fikiria mafuta yanafanya nini. Ravioli ikizama kwenye mafuta, kila chembe ya mkate inaguswa na mafuta ya moto kwa wakati mmoja, juu, chini na pembeni, na inapata rangi kwa dakika mbili tatu tu. Pasta haipati hata muda wa kukauka. Kikaangio cha hewa ni tanuri dogo lenye koili ya moto juu na feni inayozungusha hewa kwa kasi. Philips ndio waliokiingiza sokoni mwaka 2010 kwa jina la Airfryer, kutokana na ubunifu wa Mholanzi Fred van der Weij, na watu wakaendelea kuziita hivyo mashine zote za aina hii. Hewa hubeba joto kidogo kuliko mafuta, tena hukausha. Chenga kavu zikipigwa na hewa kavu hubaki nyeupe kwa muda mrefu, na wakati unazisubiri zibadilike rangi, ukingo wa pasta unaendelea kukauka. Ukiongeza dakika ili upate rangi, umepata ukingo wa kuvunja meno, na jibini limeshapasua mshono na kumwagika kwenye kikapu.

Ndiyo maana nasisitiza chenga zikaangwe kwanza. Zikishapata rangi yake kwenye kikaango, mashine inabakiwa na kazi ya kuzikausha tu na kupasha moto kilichomo ndani, na kazi hiyo inaiweza vizuri sana.

Kwa pakiti moja ya ravioli ya gramu 250 hivi, chukua kikombe kimoja na nusu cha panko, zile chenga kubwa nyepesi za Kijapani. Ziponde kidogo kwa vidole kwanza, kwa sababu vipande vikubwa havikai vizuri kwenye ukingo mwembamba wa ravioli. Weka vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya zeituni kwenye kikaango, moto wa wastani, mimina chenga na ukoroge bila kuondoka. Usijibu simu. Dakika ya kwanza na ya pili hutaona kitu, kisha ghafla zinaanza kubadilika, na kutoka kupendeza hadi kuungua ni muda mfupi mno. Ziepue zikiwa na rangi ya korosho zilizobanikwa kidogo, hata kama unaona bado zingeweza kuongezwa, maana zitakolea tena ndani ya mashine. Zimwage papo hapo kwenye sahani pana, usiziache kwenye kikaango cha moto. Zikipoa kabisa ndipo uchanganye chumvi, oregano kavu, kitunguu saumu cha unga, pilipili manga, na vijiko viwili vya Parmesan iliyokwanguliwa. Jibini likikutana na chenga za moto linashikana mabonge.

Kama panko haipatikani, slesi za mkate mweupe wa jana zinafaa kabisa. Zikaushe kwenye tanuri kwa moto mdogo, zisage, halafu ufanye vilevile. Zitakupa ganda laini zaidi, na kusema kweli hilo liko karibu zaidi na lile la The Hill.

Kwenye ravioli yenyewe, angalia unanunua aina gani. Mbichi za kwenye friji ndizo bora, hazihitaji kuchemshwa. Zilizogandishwa zichemshe dakika mbili tu, mpaka ukingo uanze kulegea, zitoe na uzitandaze juu ya taulo safi la jikoni zikauke uso. Zile kavu za pakiti zinazokaa kabatini lazima zichemshwe hadi zikaribie kuiva. Pasta huiva kwa maji, na hewa ya moto haiwezi kuyaleta maji hayo. Usiamini mtu anayekwambia utie ravioli kavu kwenye mashine moja kwa moja.

Mtu aliyezoea kupika katlesi za futari nyumbani hatapata shida na sehemu inayofuata, mikono inaijua tayari. Panga vyombo vitatu: unga wa ngano kidogo, mayai mawili yaliyopigwa na vijiko vitatu vya mtindi, na sahani ya chenga. Mtindi (Kenya watasema maziwa lala) nautia kwa makusudi. Unaufanya uji wa yai uwe mzito, ushike kingo, na unaipa pasta unyevu wa akiba wa kupambana na ile hewa. Chukua ravioli moja, ipitishe kwenye unga, ing'ute mpaka ibaki na vumbi tu. Ichovye kwenye yai kwa mkono wa kushoto, inyanyue, subiri tone la ziada lianguke. Idondoshe kwenye chenga, kisha mkono wa kulia, ambao ni mkavu, uifunike kwa chenga na kuikandamiza. Tumbo la katikati halina shida. Pita na kidole gumba ukingo mzima, pande zote nne, ukibana chenga ziingie kwenye yale meno meno, kwa sababu ukingo uliobaki uchi ndio utakaokauka ukawa mgumu. Ukimaliza, zipange kwenye sinia na uziweke kwenye friji dakika 20. Watu wengi huruka hatua hii kwa haraka. Usiiruke. Unga unafyonza yai, chenga zinashikana, na ukizigeuza baadaye hazivuki ganda.

Washa mashine ipate moto kwanza, nyuzi 190, yaani 375 kwa mashine zetu za Marekani zinazosoma Fahrenheit. Panga ravioli safu moja, zisigusane, hewa ipate pa kupita. Zikibanana zinapikwa kwa mvuke wao wenyewe na ganda linalowa. Pulizia mafuta kidogo juu, dakika nne, zigeuze kwa koleo taratibu, pulizia tena, dakika tatu hadi nne nyingine. Mashine hazifanani, kwa hiyo awamu ya kwanza simama karibu. Ukiona ravioli ya jibini imefura tumbo na mshono umeanza kung'aa kwa unyevu, itoe hapohapo, haina tena la kungoja. Ukiipitishia ukucha juu na ukasikia mkwaruzo mkavu, imekuwa.

Kwa kupulizia mafuta, tumia chupa ndogo ya pampu uliyoijaza mwenyewe. Makopo mengi ya mafuta ya kupulizia yana kiambato kiitwacho lesithini ndani, nayo huganda kwenye kikapu, ikawa utando unaonata usiotoka hata ukisugua, na ile rangi nyeusi ya kuzuia kushika inaharibika mapema. Kikapu ni ghali kukibadilisha.

Neno kwa wenzangu tunaoangalia halali. Ravioli za nyama za dukani nyingine huchanganya ng'ombe na nguruwe, kwa hiyo soma maandishi ya nyuma, tena kila mara, maana viungo hubadilishwa. Na Parmigiano-Reggiano ya Italia hutengenezwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Asiyeridhika nacho atafute jibini gumu lililoandikwa kwamba limegandishwa kwa kimeng'enya kisicho cha mnyama. Hapa St. Louis tuna bahati: Wabosnia wengi walihamia mji huu miaka ya 1990 wakikimbia vita, na eneo la Bevo Mill lina mabucha yao ya halali. Nyama ya kusaga ya pale, ikikaangwa na kitunguu, saumu na mchicha uliokamuliwa maji vizuri, inatengeneza kijazo kizuri kuliko chochote nilichowahi kununua kwenye pakiti. Iive kabla ya kujaza. Ukijaza nyama mbichi, utalazimika kupima kwa kipimajoto ifike nyuzi 71 katikati, na ganda litakuwa limeshaungua.

Sosi haihitaji hotuba. Mafuta ya zeituni, punje tatu za saumu zilizokatwa nyembamba, kopo la nyanya nzima ulizoziponda kwa mkono, chumvi, majani ya mrehani mwishoni. Dakika 20 jikoni. Mimi huongeza pilipili mbichi moja iliyopasuliwa, na mgeni wa The Hill akinuna ananuna peke yake.

Mlioko nyumbani mtauliza ravioli mtazipata wapi. Pwani ya Kenya, Malindi ni mahali pa kuulizia. Wataliano wamekuwa pale tangu kile kituo chao cha kurushia satelaiti kilipojengwa baharini karibu na Ngomeni miaka ya 1960, na vyakula vyao vimezoeleka mjini. Kwingineko, zitengenezeni. Gramu 100 za unga kwa yai moja, kanda dakika kumi, funika nusu saa, sukuma mpaka uone kivuli cha mkono wako kwa ng'ambo ya pili. Gramu 300 na mayai matatu zinatosha familia. Bana kingo kwa uma, na utoe hewa yote iliyonaswa ndani, kwa sababu hewa hiyo ikipata moto ndiyo inayopasua mshono. Kuna wanaotumia manda za sambusa ili kuokoa muda. Manda ni nzuri kwenye sambusa. Hapa zinapasuka vipande chini ya chenga na hupati ule ulaini wa ndani ambao ndio raha yenyewe.

Kabla ya Ramadhani mimi huvingirisha nyingi kwa mkupuo. Zigandishe kwanza zikiwa zimetandazwa kwenye sinia, zikishakuwa ngumu ndipo uzitie kwenye mfuko, la sivyo zitagandana. Siku ya kuzipika usiziyeyushe, zitie zikiwa barafu hivyohivyo kwa moto uleule, uongeze dakika mbili au tatu. Zilizobaki mezani zirudishe kwenye mashine nyuzi 175 kwa dakika tatu, na maikrowevu muiache ipashe sosi.