Namba inayoanza na UA haihesabu tena wageni wa tovuti

Ndugu, umeuliza kwa nini Google Analytics, huduma ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, inakuonyesha sifuri: tovuti yako ni nzima, tatizo ni namba uliyobandika. Hiyo inayoanza na UA- ni ya Google Analytics ya zamani, iliyoacha kupokea data mpya tarehe 1 Julai 2023, ndiyo maana kila siku unaona sifuri. Fungua GA4, yaani Google Analytics mpya, weka anwani ya tovuti yako, utapewa namba inayoanza na G-. Msimbo wake ubandike sehemu ya head (ile ya juu ya msimbo, isiyoonekana kwa mgeni) ya kila ukurasa, si ule wa mwanzo peke yake.

Kujua kama msimbo umeshika, fungua tovuti kwa simu yako halafu angalia ripoti ya wakati huo huo: ndani ya dakika chache utajiona, mtu 1. Ripoti nyingine huchukua saa 24 hadi 48, kwa hiyo usifute na kuanza upya kama nilivyofanya mimi.

Ila ukiwa na WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti) na umeshaunganisha plagini ya Site Kit, kiongezo cha Google kinachoweka msimbo huo chenyewe, usibandike tena kwa mkono. Kuna tovuti ya duka niliyokuwa naiangalia, kila ukurasa ulihesabiwa mara mbili, na mwenye duka akaagiza mzigo kwa takwimu zile. Iliniuma sana.

Na leo hii hii ingia kwenye mipangilio ya GA4, utoe muda wa kutunza data kwenye miezi 2 uweke 14. Ukichelewa, data ya nyuma iliyofutwa hairudi.