Kabla ya umri wa marehemu, soma saa

Ndugu mnaoanza kutazama retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga) za wazee waliofariki kwa hadubini ya elektroni, kabla ya kusoma umri wa marehemu, someni saa. Alifariki saa ngapi, na jicho lake liliingia kwenye glutaraldehaidi, dawa ya kuzuia tishu isioze, saa ngapi?

Mimi sikusoma. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa jicho la bibi wa miaka 80 na ushei, nikakuta koni zake, yaani seli za kuona rangi, zimejaa mitokondria (vinu vya nishati vya seli) zilizovimba, ndani kweupe, mikunjo imekatikakatika. Nikajaza daftari. Mwalimu wangu akatazama picha mbili tatu, akauliza, "Na seli za mishipa ya damu zikoje?" Zilikuwa zimevimba vilevile. Fimbo nazo, seli za kuona penye mwanga hafifu; ganglioni nazo, seli zinazopeleka habari kwenye ubongo. Jicho lilikaa saa nyingi bila dawa, nami wiki tatu nzima nilihesabu kuoza nikidhani nahesabu uzee.

Tangu hapo huanza na seli jirani. Kuchelewa huharibu karibu kila seli. Uzee mara nyingi huenda kwa madoa, mitokondria moja mbovu ikilala ubavuni mwa tatu nzima.

Na koni kuumia si ajabu. Seli zinazopokea mwanga ni walaji wakubwa wa oksijeni, na gizani hula zaidi, maana pampu za sodiamu hazipumziki. Mitokondria zao zimerundikana sehemu moja, kwenye kipande cha seli kiitwacho elipsoidi, na koni inazo nyingi kuliko fimbo. DNA ya mitokondria ni fupi, jozi za besi 16,569 na jeni 37 tu, nayo inakaa palepale jikoni penye cheche, pale nishati inapotengenezwa.

Halafu mahali. Fimbo zinazozunguka kitovu cha makula (sehemu ya katikati ya retina, ya kuona kwa makini) hupungua kwa takriban asilimia 30 hadi uzeeni, ilhali koni za kitovuni hubaki karibu zilezile. Ukilinganisha kitovu cha kijana na ukingo wa mzee, umelinganisha sehemu mbili za jicho, si umri.

Angalieni na mkato. Mitokondria za elipsoidi ya koni ni ndefu, zimesimama kama vijiti vya kiberiti; ukizikata kwa upana utaona viduara na kuandika "zimefupika". Nimesoma ripoti za wanafunzi zenye kosa hilo, na moja ilikuwa yangu.

Lebo zenye umri zifunikeni kabla ya kuhesabu, msije mkaona mnachotarajia. Za kwangu hubandikwa karatasi na mwenzangu wa meza ya pili, na hanipi orodha ya umri mpaka nimkabidhi hesabu.