Mauntingi ngumu: anza na ile inayozuia kuzunguka

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya kuongezea magari nguvu, somo hili mimi nililipia kwa pesa yangu. Nilikuwa mwaka wa pili gerejini, hapa Ngamiani, mteja akaleta Starlet ya turbo, gia za mkono. Ukiachia klachi kwa fujo injini inainuka mpaka mkono wa gia unacheza wenyewe. "Fundi, ikaze isitikisike kabisa." Nikakaza kweli. Nilitoa mauntingi zote nne, yaani vile vishikio vya raba vinavyoifunga injini kwenye bodi, nikafunga za poliurethani, plastiki iliyo ngumu kuliko raba, tena zile ngumu, na jioni nikatamba kijiweni.

Kesho yake alitoka Muheza akanikuta na kikombe cha kahawa. Hakunisalimu, alisema tu, "Panda." Tukasimama kwenye foleni, gari ikiwa sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Kioo cha kati kilikuwa kinatetemeka hata bodaboda moja iliyokuwa nyuma yetu naiona mbili. Mama yake, aliyekaa kiti cha nyuma na kikapu cha machungwa, akauliza: "Mwanangu, gari hii ina homa?"

Spana zangu hazikuwa na kosa. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba mauntingi ina kazi mbili zinazogombana: kuishika injini, na kumeza mitetemo yake isifike bodini. Piga hesabu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 750 kwa dakika, kila mzunguko silinda mbili zinachoma, kwa hiyo inapiga mapigo 25 kwa sekunde. Raba ya kiwandani inayameza. Weka kitu kigumu, mapigo yale yale yanapanda mpaka dashibodi na usukani. Ukiwasha AC, na kwa joto la Tanga nani anaizima, injini inalemewa na homa inazidi.

Halafu mauntingi hazifanani kazi. Kwenye gari ya kuvuta mbele ambayo injini imelala kwa upana, zipo za pembeni zinazobeba uzito, na zipo zinazozuia injini isizunguke. Magurudumu yanaposukumwa kwenda mbele, injini nayo inasukumwa kuegemea nyuma. Ukitia rivasi inainamia mbele. Huko kuinuka ndiko mteja anakokulalamikia. Basi kaza ile inayozuia kuzunguka, zinazobeba uzito ziachie raba, ila ziwe raba nzima. Subaru ni rahisi zaidi: kuna mkono mfupi unaotoka juu ya giaboksi kwenda kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Badilisha huo tu kwanza, mrudishie mtu gari yake aitembelee wiki nzima.

Ugumu una kipimo, kinaitwa Shore A: namba ikipanda, ugumu unazidi. Kwa gari ya kwenda kazini na kurudi mimi sivuki 70 na kidogo. Za 90 waachie wenye gari za mashindano. Za chuma kitupu sifungi kwenye gari inayobeba familia, hata anibembeleze.

Kabla ya kuuza chochote, pima. Fungua boneti, vuta handbreki, kanyaga breki mpaka mwisho, mwenzio asimame ubavuni. Sisemi mbele ya gari, nasema ubavuni. Tia D, gusa mafuta kidogo, kisha R. Kama ni otomatiki usizidishe sekunde chache, unachemsha mafuta ya giaboksi. Injini ikiruka na kugota, mauntingi imekufa, na hapo gari inataka mpya za kawaida, si ngumu. Mara nyingi utakuta raba imevimba na kulainika kwa oili inayovuja juu yake kutoka tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Ziba uvujaji kwanza, la sivyo na mpya itaoga oili ile ile.

Wapo wanaojaza matundu ya mauntingi kwa gundi ya kioo cha mbele. Inafanya kazi, sikatai, na ni rahisi kwa mfuko. Lakini gundi ile hukauka kwa unyevu wa hewa kuanzia nje kwenda ndani, milimita chache tu kwa siku. Juu utaigusa ngumu, ndani bado uji. Nimeona mtu kaifunga siku ya pili, ikakamuka kama dawa ya meno. Osha oili yote, jaza kwa tabaka, iache siku nyingi.

Kwenye kufunga: jeki chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, iwe na kipande cha ubao, bati lile linabonyea upesi. Bolti zote zishike kwa mkono kwanza. Teremsha injini ikae kwa uzito wake, itikise kidogo, ndipo ukaze kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ukikaza ikiwa imening'inia, raba inabaki imejipinda na mtetemo hautakwisha hata ungeweka ya dhahabu. Angalia pia paipu ya ekzosi na hosi za rejeta, zisiwe zinagusa mahali baada ya injini kukaa upya.

Starlet ile nilirudishia raba mpya pembeni, kwa gharama zangu, nikaziacha ngumu zile mbili za kuzuia. Mkono wa gia ukatulia, na mama hakuuliza tena habari ya homa. Zile mbili nilizotoa ninazo mpaka leo, zinazuia mlango wa gereji upepo ukivuma kutoka baharini.