Maswali ya Wasomaji: Vifaranga wa Mwatiko na Kambamiti Hupatikana Lini?

Swali: Sisi ni kikundi cha akina mama wa Kwale wenye mabwawa mawili nyuma ya mikoko. Mwaka wa kwanza tulinunua vifaranga wa mwatiko mwezi wa Mei kwa vijana wa kijijini, nao wakakua vizuri. Bwawa la pili lilikamilika Agosti, na kila tuliyemwendea alituambia hana kitu, mpaka mchuuzi mmoja alipotuletea ndoo tatu. Siku ya kuvuna tulikuta mwatiko wachache tu, pamoja na samaki wengine wakali walionenepa. Je, vifaranga wana msimu wao? Na kwa nini hawa wetu hawazaani bwawani, tukaondokana na adha ya kununua?

Jibu: Nianze na swali lenu la mwisho, kwa kuwa ndilo linalofungua mengine. Mwatiko hukomaa akiwa na umri wa miaka mitano hivi, nanyi mnamvuna akiwa na miezi sita au minane, kabla hata hajafika nusu kilo. Hata mkimwacha azeeke, hatataga katika bwawa la kina kifupi kama lenu, kwa sababu hutaga kwenye bahari wazi karibu na miamba, na jike mmoja aweza kutoa mayai kwa mamilioni. Mayai hayo huelea na kuanguliwa baada ya siku moja hivi. Baada ya wiki mbili au tatu wachanga hao, wenye urefu wa sentimita moja hadi moja na nusu na mwili unaopenya nuru kama kioo, hufika ufukweni, kisha huingia katika hori na mikoko kutafuta chakula.

Kwa hiyo msimu upo. Katika pwani yetu vifaranga kwa kawaida huwa wengi wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Juni, na hutokea tena kwa uchache wakati wa vuli. Hata hivyo, anayehesabu miezi peke yake atakosa, kwa maana ndani ya mwezi huohuo ziko siku za kupata na siku za kurudi mikono mitupu. Bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu, hupandisha maji mpaka wangwani, kwenye uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko, na yanapopwa vifaranga hunaswa katika madimbwi, ambako watu wawili wenye wavu mdogo wa matundu madogo huwakusanya asubuhi moja. Siku za maji mafu bahari haifiki huko, na madimbwi hayo huwa yanakauka au yanachemka kwa jua. Vijana wenu wa Mei walikuwa na masika na bamvua pamoja. Mchuuzi wa Agosti hakuwa na masika, na nadhani alichota alichokuta.

Dawa ya pengo hilo ni kitalu, wala si kumtafuta mchuuzi mwingine. Nchini Ufilipino, ambako ufugaji wa mwatiko ni wa tangu zamani sana, wafugaji hununua vifaranga msimu unapofurika, wakawaweka kwa msongamano katika bwawa dogo na kuwalisha kidogo tu, ili wadumae kwa miezi kadhaa bila kufa. Wakihamishiwa bwawa kubwa lenye chakula cha kutosha, hukua kwa kasi kana kwamba wanalipa deni. Ninyi mngeweza kutenga kona ya bwawa la kwanza kwa ukuta wa udongo, mkaweka humo vifaranga 10 hadi 20 kwa kila mita ya mraba mwezi wa Mei, kisha mkawahamisha Agosti kwa kadiri ya kifaranga mmoja kwa mita ya mraba.

Ama wale wakali, wachambueni ndani ya beseni jeupe kabla ya kulipa. Mwatiko ana mdomo mdogo usio na meno, mkia uliogawanyika sana na pezi moja la mgongoni. Mkizi ana mapezi mawili mgongoni na kichwa butu. Jihadharini na samaki mmoja mwembamba anayefanana mno na mwatiko kwa pezi na mkia, lakini ambaye mdomo wake ni mpana hata unapita nyuma ya jicho: huyo huwala wenzake. Kolekole na chewa wadogo nao ni hivyohivyo.

Swali: Niko Lindi. Mimi hufungua lango la bwawa wakati wa bamvua ili kambamiti waingie wenyewe bila gharama. Jirani yangu anasema ninajidanganya. Nani ana haki?

Jibu: Jirani yako ana haki zaidi, ingawa nawe hukukosea kabisa. Kambamiti hutaga baharini, na wachanga wake, baada ya kubadilika maumbo kwa muda wa wiki mbili hivi, huingia mitoni na katika mikoko, wakakaa miezi michache kabla ya kurudi baharini. Kwa hiyo maji unayoyaingiza huwa nao kweli. Tatizo ni kwamba maji hayohayo hubeba pia walaji wao wakiwa wadogo kiasi cha kupenya chandarua chako, na wewe hujui umeingiza kambamiti wangapi mpaka siku ya kuvuna.

Ni afadhali kuwakusanya kwa mkono. Wachanga wa kambamiti wa milia hupenda kushika majani, na wana mstari wa rangi ya kahawia tumboni; fungeni matita ya nyasi kwenye kamba, myaache horini maji yakijaa, kisha myakung'ute ndani ya beseni. Wale msiowahitaji rudisheni majini wakiwa hai palepale. Nchini Bangladesh wakusanyaji wa kambamiti walikuwa wakimwaga mchangani vifaranga wengine wengi kwa kila kambamiti mmoja waliyemchukua, na mwaka 2000 serikali ilipiga marufuku kazi hiyo. Kabla ya kutumia wavu wowote, muulize ofisa wa uvuvi pamoja na BMU (kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi na ufukwe) ya eneo lako. Mwatiko hamli kambamiti, hivyo waweza kuwafuga pamoja.

Swali: Vifaranga wangu hufika Pemba wakiwa hai, nikiwamwaga bwawani wanakufa. Kwa nini?

Jibu: Yamkini ni chumvi. Wakati wa kiangazi maji ya bwawa la wangwani huwa makali kuliko bahari, na baada ya mvua kubwa huwa karibu na maji baridi. Safiri alfajiri, usiwalishe siku moja kabla ya safari, na ukifika, tia maji ya bwawa ndani ya ndoo kikombe kimoja kimoja kwa muda wa saa moja au zaidi, kisha laza ndoo ili watoke wenyewe.