Je, Mungu Ameukataa Mpango Wangu?

Ndugu yangu katika Kristo, umeeleza kwamba unaongoza vijana katika kanisa lenu huko Likoni, kwamba ulipanga kwenda Nairobi kusomea uhasibu, na kwamba sasa, baada ya karo kukosekana, unajiuliza kama ulikosea kupanga. Hukukosea. Katika sura ya 4 ya waraka wake, Yakobo hawakemei wafanyabiashara kwa sababu walipanga safari, bali kwa sababu walipanga kana kwamba kesho ni mali yao.

Mfano uko karibu nawe. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alikusudia kuwafikia Waoromo akipitia Ethiopia, akazuiwa, ndipo akaja Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga hapahapa. Hata hivyo, mwaka 1846 yeye na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kazi ya umisionari Rabai, karibu na Mombasa, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Simaanishi kwamba msiba ule ulikuwa mdogo, wala kwamba uchungu wako utapata maelezo upesi.

Unapoomba, utaje mpango wenyewe waziwazi: chuo, karo, na hata hofu ya kuachwa nyuma na wenzako, kwa maana ni vigumu kukabidhi jambo usilothubutu kulitaja. Kisha mwombe mchungaji akupunguzie majukumu kwa muda, upate nafasi ya kuulizia mkopo wa masomo, kwani kumwachia Mungu si kuketi bure. Vijana wako nao uwaambie kwamba unasubiri, ili wakuombee.